Barua Yenye Sahihi Yangu

Wazazi, walimu, na nyinyi vijana mnaomaliza: asanteni kwa kunialika. Mshereheshaji amenitambulisha kwamba nitazungumza kuhusu fursa za ajira. Fursa wataziongelea wenzangu wanaofuata. Mimi nimekuja na barua.

Ni barua ya ajira. Ina nembo ya kampuni niliyoitumikia miaka mingi kwenye idara ya utumishi, ina mhuri, ina kumbukumbu namba, na chini kabisa ina sahihi yangu. Tena haikuigwa. Ni yangu hasa, na ule mkia wa herufi ya mwisho unaopanda juu kama unakimbia mstari. Barua hiyo sikuiandika mimi.

Ilinifikia Jumatatu moja asubuhi. Dada wa mapokezi alinipigia akasema, "Bosi, yule mfanyakazi wako mpya amefika." Nikamwambia sina mfanyakazi mpya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi shuka mwenyewe."

Nilimkuta kijana amekaa kwenye ncha ya kiti. Shati jipya, mikunjo ya kiwandani bado inaonekana kifuani. Barua ameitia kwenye faili la plastiki isije ikachafuka. Alisimama, akasema, "Shikamoo mzee. Nimewahi kidogo." Barua ilimtaka aripoti saa mbili. Ilikuwa saa moja na robo.

Nilipomweleza, hakubisha. Alitoa simu akampigia "afisa ajira" wake palepale, na yule bwana akapokea. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Hao wa mapokezi hawajui kitu, toka nje ukanisubiri getini." Kijana akaiangalia simu, akaangalia kitambulisho kilichoning'inia shingoni kwangu. Jina la kwenye kitambulisho na jina la kwenye barua ni lile lile. Akakata simu.

Alikuwa amelipa mara tatu. Ya kwanza usajili, ya pili vipimo vya afya, ya tatu sare na kitambulisho. Na swali alilonitolea lilikuwa moja tu: "Kwa hiyo mzee, nafasi yenyewe ipo, au nayo haikuwepo?"

Haikuwepo.

Mtauliza sahihi yangu waliipata wapi. Tulikuwa tumeweka tangazo la zabuni kwenye tovuti yetu, nimelitia sahihi mimi mwenyewe. Wakaikata huko wakaibandika huku, kazi ya dakika tano kwa mwenye kompyuta. Kwa hiyo mtu akikuonyesha nembo na mhuri, jua amekuonyesha nembo na mhuri, basi.

Sasa, watu wakisikia kisa kama hiki husema, "Aa, huyo alikuwa mshamba, mimi siwezi kuingizwa mjini hivyo." Ndugu zangu, kijana yule alikuwa na shahada, na hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilimwomba anisomee ujumbe waliokuwa wakiandikiana. Tulikaa pale karibu saa nzima. Nilichokiona ni hiki: shaka alikuwa nayo tangu siku ya pili. Alijiuliza kwa nini usaili unafanyika kwa kuandikiana meseji usiku. Alijiuliza kwa nini pesa inakwenda kwenye namba ya mtu binafsi. Ila kila alipotaka kuuliza alianza na "samahani kwa usumbufu", na kila alipojibiwa kwa ukali alirudi nyuma. Mara moja aliuliza ofisi iko ghorofa ya ngapi. Jibu: "Wapo wenzako arobaini wanaoitaka nafasi hii na hawana maswali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akaomba radhi. Akalipa.

Hapo ndipo penye jambo langu lote la leo. Tapeli wa ajira anaishi kwa heshima yenu. Anajua mtafuta kazi amefundishwa kusubiri, kunyenyekea na kushukuru hata kabla hajapewa. Na waliomfundisha hivyo ni sisi waajiri, lazima nikiri. Tunapokea maombi mia tano tusijibu hata moja. Tunatangaza nafasi bila kusema mshahara. Wapo wenzangu, tena wa kampuni halali, wanaotumia barua pepe za bure kuitia watu usaili, wanapiga simu kwa namba zisizojulikana, wanataka mtu afike kesho asubuhi. Halafu tunashangaa mtu anaposhindwa kumtofautisha mwizi na sisi! Mwizi amevaa tu tabia zetu.

Basi tuanze na pesa, maana huko ndiko wengi wanakolizwa. Kwenye ajira, pesa hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Ikianza kwenda upande wa pili kabla hujafanya kazi hata siku moja, simama. Hili halikutungwa na mimi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Umoja wa Mataifa nao unatangaza wazi kwamba hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe maombi, usaili, kushughulikia nyaraka au mafunzo. Na jina lake ni kati ya yale yanayopendwa sana na matapeli. Ni kweli mkataba huo haujaridhiwa na kila nchi, na wenyewe unaacha nafasi ya msamaha kwa makundi fulani ya wafanyakazi, kwa hiyo utakuta mahali wakala anaruhusiwa kutoza. Sawa. Lakini wakala wa halali ana leseni unayoweza kuihakiki kwa mamlaka iliyoitoa, ana ofisi yenye mlango, na anakupa risiti yenye jina la kampuni. Hakwambii utume kwenye simu ya shemeji yake.

Angalieni pia namna wanavyokata vipande. Hawaombi kiasi kikubwa siku ya kwanza. Wanaomba kidogo, tena kwa ahadi kwamba kitarudishwa na mshahara wa kwanza. Ukishalipa cha kwanza, cha pili hakidaiwi tena kwa sababu ya kazi. Kinadaiwa kwa sababu ya kile cha kwanza. Kijana wangu aliniambia, "Mzee, ya tatu nililipa ili zile mbili zisipotee." Sijasikia mtu akiueleza utapeli huu vizuri kuliko hivyo.

Ila kuna matapeli wanaoanza kwa kukupa wewe, na hao wanawapata hata wajanja. Mmoja anakutumia hundi. Anasema ni ya kununulia vifaa vya ofisi ya nyumbani; weka benki, toa fungu lako, lililobaki mtumie muuza vifaa. Benki nyingine hukuruhusu kutumia fedha kabla hundi haijakamilika kuhakikiwa. Unatuma. Baada ya siku kadhaa, au wiki, hundi inarudi kuwa ni bandia, na deni ni lako, maana aliyetoa fedha ni wewe.

Mwingine ni wa hizi "kazi za kubofya". Najua humu ndani wapo wanaoifahamu. Ujumbe unaingia WhatsApp au Telegram kutoka namba usiyoijua: kazi ya muda, unapenda video, unazipa bidhaa nyota, dakika chache kwa siku. Unajaribu. Unalipwa kweli! Kidogo, lakini imeingia, umeishika. Unaingizwa kwenye kikundi cha "wafanyakazi wenzako" wanaopongezana na kupandisha picha za miamala yao. Akaunti yako kwenye mfumo wao inaonyesha salio linapanda. Kisha siku moja unapangiwa kazi "maalumu", salio linageuka kuwa hasi, na ili ulitoe kwenye hasi lazima uweke pesa yako, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali. Unaweka, linafunguka, linapanda zaidi, linafunga tena kwa kiasi kikubwa zaidi. Wale wenzako kikundini wanakutia moyo, wanasema nao walipitia hapo. Wenzako hao ni matapeli wenyewe. Na ile namba ya salio haina tofauti na namba niliyoiandika mimi kwa kalamu kwenye kiganja changu.

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipokea taarifa za kazi za namna hii kama 5,000 kwa mwaka mzima wa 2023. Nusu ya kwanza tu ya 2024 zikafika kama 20,000. Kwa utapeli wa ajira kwa jumla, hasara zilizoripotiwa kwake zilipanda kutoka dola milioni 90 mwaka 2020 hadi dola milioni 501 mwaka 2024. Hizo ni za nchi moja, tena za waliokubali kusema. Wengi hatusemi.

Kuna jingine nitalipitia upesi, ingawa adhabu yake ni nzito. Mtu akikuajiri ili upokee pesa kwenye akaunti yako, ubaki na asilimia kadhaa, nyingine umtumie mahali, au upokee vifurushi nyumbani uvibandike anwani mpya na kuvisafirisha, hiyo si kazi. Umekuwa daraja la mali ya wizi. Wizi ukifuatiliwa, jina linaloonekana ni lako, yeye hayumo popote.

Wengine hawataki pesa wala akaunti. Wanataka nakala ya kitambulisho, picha ya uso wako umekishika, na zile tarakimu za siri za kuthibitisha akaunti zinazoingia kwenye simu. Tarakimu hizo hakuna mwajiri anayezihitaji. Ukimpa, umempa ufunguo. Na wapo wanaotaka ufungue faili tu. Machi 2022 Ronin, mtandao wa sarafu za kidijitali unaotumiwa na mchezo wa kompyuta uitwao Axie Infinity, uliibiwa sarafu za dola zaidi ya milioni 500. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilisema waliofanya hivyo ni wadukuzi wa Korea Kaskazini. Baadaye ikaripotiwa kwamba mlango ulifunguliwa na barua ya ajira: mhandisi mmoja wa kampuni yenye mchezo huo alifuatwa kwa kazi nono, akafanyiwa usaili wa hatua kadhaa, akatumiwa ofa ndani ya faili. Akaifungua. Mhandisi! Kwa hiyo habari ya "mshamba" tuiache kabisa.

Sasa nipunguze kasi, kwa sababu hapa pesa siyo hasara kubwa. Kanuni yangu ya pesa ina tobo, na tobo lenyewe ni hili: wapo wanaokulipia kila kitu. Tiketi wanakata wao, viza wao, hoteli wao. Kazi ni ya huduma kwa wateja au kompyuta, nchi ya mbali, mshahara mnono, usaili wa dakika kumi. Unafika, unapokewa uwanjani kwa tabasamu, pasipoti inachukuliwa "kwa ajili ya usajili", gari linakwenda saa nyingi kuliko ulivyoambiwa, na mwisho unashushwa ndani ya ukuta wenye seng'enge. Humo kazi yako ni kutapeli watu wengine kwenye intaneti, usiku na mchana, na ukikataa unapigwa au unauzwa kwa kundi lingine. Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikitaja makadirio ya watu wasiopungua 120,000 Myanmar na wengine kama 100,000 Kambodia wanaoshikiliwa katika hali kama hizo. Walitoka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, na ripoti inaeleza kwamba wengi wao ni wasomi, wanaojua lugha zaidi ya moja. Juni mwaka huo huo INTERPOL ilikuwa imeshatoa onyo kwa nchi zote wanachama wake.

Anayekubofyesha video kwenye Telegram leo huenda ni mmoja wa hao. Aliomba kazi kama wewe.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya nje, tazama viza. Wakikusafirisha kwa viza ya utalii na kukwambia ya kazi utaipata ukifika, umeshajibiwa. Wakibadilisha mji au nchi dakika za mwisho, usipande ndege. Mkataba uwe mikononi mwako kabla hujaondoka, kwa lugha unayoisoma, wenye jina la mwajiri, mahali pa kazi, saa na mshahara. Nakala za mkataba, za pasipoti na za tiketi uziache kwa mtu wa nyumbani, na mkubaliane neno moja la siri ambalo ukilitaja kwenye simu atajua mambo yameharibika. Pasipoti yako ni yako. ILO imeweka kushikilia hati za mfanyakazi kuwa moja ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Akisema anakutunzia, mwambie unajua kutunza.

Mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua, mama. Kijana aliyekaa miaka mitatu bila kazi hawezi kuambiwa "usiende" na likaishia hapo. Simwambii asiende. Namwambia aulize.

Na kuuliza kuna namna. Usihakiki kazi kwa namba iliyo kwenye tangazo, maana hapo unamuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Tafuta namba ya kampuni kwa njia yako mwenyewe, piga mapokezi, uliza: nafasi hii ipo? huyu mtu mnaye? Anwani ya barua pepe isome kuanzia mwisho ukirudi nyuma. Kinachobeba ukweli ni yale maneno ya mwisho, yaliyo karibu na nukta ya mwisho baada ya alama ya @. Jina la kampuni likiwa mwanzoni, likafuatiwa na kistari na neno "ajira" au "kazi", yeyote anaweza kulinunua leo mchana. Zipo tovuti za bure zinazoonyesha jina la tovuti lilisajiliwa lini. Kampuni inayojisifu ina miaka thelathini huku tovuti yake ina wiki tatu, hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Chukua sentensi moja ya tangazo uitafute mtandaoni kama ilivyo. Mara nyingi utaikuta imetumika kwa kampuni nyingine tano.

Lakini kipimo ninachokipenda mimi nilikipata kwa binti wa mfanyakazi mwenzangu. Alipata ofa, nzuri mno, akajibu kwa adabu kabisa: "Nashukuru. Kabla sijakubali naomba kujua msimamizi wangu wa moja kwa moja atakuwa nani, na niongee naye kwa video dakika kumi." Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Huna shukrani. Nafasi amepewa mwingine." Binti akalia usiku kucha akidhani ameharibu bahati yake. Asubuhi ujumbe mwingine: nafasi imerudi, leta ada. Mwajiri wa kweli akiulizwa swali kama lile anaweza kuchelewa kujibu, anaweza hata kukataa, tuna mambo mengi na wengine wetu tuna viburi. Ila hatutukani, na hatukimbilii ada kesho yake.

Na kama umeshapigwa? Kwanza, benki au kampuni ya simu, saa ileile, kabla hujamaliza hasira. Muamala mwingine huzuiwa kama haujatolewa. Usifute ujumbe, kila mtu anataka kuufuta kwa aibu, na huo ndio ushahidi wako. Piga picha za skrini, namba, majina, muda, nenda polisi, na uitaarifu kampuni iliyotumiwa jina. Badilisha nywila. Waambie waliotajwa kama wadhamini kwenye wasifu wako, maana nao watafuatwa. Na akitokea mtu kwenye intaneti akadai anaweza kuzirudisha pesa zako kwa malipo kidogo ya awali, huyo ni yuleyule au ndugu yake. Orodha za waliolizwa huuzwa.

Mtauliza kama yule kijana tulimwajiri. Hapana, hatukuwa na nafasi, na singependa kuwapambia kisa. Tulichofanya ni kuweka tangazo kwenye tovuti na getini kwamba hatutozi, na namba moja ya kuulizia ambayo kuna mtu wa kuipokea. Wiki ya kwanza walipiga watu kumi na saba. Wote walikuwa na barua.

Yake aliniachia. Jina lake nimelifunika kwa karatasi, nitaipitisha muishike. Ina makosa mawili ambayo barua yetu halisi isingekuwa nayo. Mimi mwenyewe, mwenye sahihi, niliona moja tu. La pili alinionyesha yeye, pale pale kwenye kiti cha mapokezi. Haya, ianzie safu ya mbele, na mwenye tangazo la kazi kwenye simu yake hivi sasa aje nalo hapa tulisome wote.